Ng'ombe Aliyeandikwa Jina la Mama

Mimi sijui kukaa. Hata sasa ninapoandika haya nimeshasimama mara tatu kwenda jikoni kufunua sufuria ambalo najua halina kitu. Basi mfikirie mtu wa namna hiyo amerudi kwa mama yake, Uru, mwaka ule wa korona, hana kazi, hajui lini ataitwa kazini, na huyo mama mwenyewe ni mtu wa maneno kumi kwa siku, akizidisha kumi na mbili.

Nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya watalii mjini Moshi. Wageni walipoacha kuja, mashuka yakaacha kuchafuka. Mwenye hoteli, Mhindi mmoja ambaye baba yake ndiye aliyeijenga, alituita uani, akatugawia mchele wa Mabogini kilo kumi kila mtu, akasema, "Nitawaita, dada zangu." Alikuwa na macho mekundu, sikumlaumu. Nikajitwisha mchele, nikamshika mkono binti yangu wa miaka minne, nikapanda kwa mama.

Mchele ukaisha. Watu wa mjini wakitazama huku juu wanaona kijani, wanadhani hakuna njaa. Kijani chenyewe nusu yake ni kahawa, na kahawa hailiwi. Kihamba cha mama, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilishagawanywa kwa ndugu za marehemu baba hadi kikabaki kipande ambacho kuku wetu akipiga hatua kumi yuko kwa watu. Njaa ya kwetu ni ya kula ndizi asubuhi, ndizi mchana, na jioni kuulizana kama zimebaki ndizi. Unga hakuna, maharage hakuna, mafuta ya kupikia unayasikia yakinukia kwa jirani. Kilichomwokoa binti yangu asikonde ni maziwa.

Sasa nieleze habari ya huyo ng'ombe, maana ugomvi wote ulitoka kwake. Alikuwa kwenye banda letu lakini hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani yetu wa nyumba ya tatu ukiteremka, mwanamume aliyenizidi umri kidogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapikia watalii wanaopanda mlima. Kwetu jambo hilo ni la kawaida. Mtu ana ng'ombe, anakwenda kumfunga kwa mwenzake. Wewe unayemfuga unakata majani, unakamua maziwa yako, mbolea unaweka kwenye migomba yako. Ndama wanaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe, mpaka afike yule mliyepatana, huyo anakuwa wako. Na habari hiyo haitangazwi. Mwanamume wa huku haweki mali yake mahali kila jicho linapopita, na anayefuga hasimami sokoni kusema huyu si wangu. Majirani wanajua na wananyamaza. Ndiyo adabu.

Mama alikuwa amemfuga miaka sita. Ndama wa kwanza alikuwa dume, akaenda kwa mwenyewe. Wa pili alikufa akiwa na siku mbili. Wa tatu ndiye aliyekuwa wa mama, walikubaliana hivyo siku ya kwanza kabisa juu ya kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na ng'ombe alikuwa na mimba yake. Mama yangu ni mjane wa miaka sitini na ushee na hajawahi kumiliki ng'ombe. Wale wa baba waliuzwa baba alipougua, na hata hao walikuwa wa baba. Huyo aliyekuwa tumboni ndiye angekuwa wa kwanza kuitwa wake. Nililijua hilo vizuri. Nisije nikajifanya sikulijua.

Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba serikali italeta mahindi na maharage kwa kaya ambazo riziki yao imekatwa na ugonjwa. Watu watapita nyumba kwa nyumba kuandika. Na masharti yakasomwa: mwenye mshahara hayumo, mwenye duka hayumo, mwenye ng'ombe wa maziwa hayumo. Nilihesabu kwa vidole nikiwa pale pale kwenye benchi. Mshahara, hatuna. Duka, hatuna. Ng'ombe, hatuna. Nikamwangalia mama nikitabasamu ndani ya barakoa. Mama alikuwa anaangalia mbele.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku. Kila mbwa akibweka nilitoka. Walipokuja walikuwa watatu, wote na barakoa, na aliyeshika fomu alikuwa dada mmoja mwenye viatu vya kufunika, vimejaa matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Kaeni."

Hawakukaa, walisema wanaogopa kutuletea ugonjwa. Wakauliza tunalala wangapi, nani anafanya kazi, tunakula mara ngapi. Nilijibu mimi, haraka haraka, hata lile la kula nikapunguza kidogo, Mungu anisamehe. Ng'ombe akalia bandani. Yule dada akachungulia.

"Na ng'ombe huyu ni wa nani, mama?"

Mama alikuwa ameinama anamenya ndizi. Akanyooka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ni wangu."

"Wako mwenyewe?"

"Wangu."

Dada akauliza jina kamili la mama, akaandika, akachora mstari. Nikaona mkono wake ukipita kwenye karatasi na nikajua kabisa mahindi yetu yameondoka na kalamu ile. Nilifungua mdomo. Mama akaniangalia, jicho moja tu, lile la utotoni. Nikaufunga.

Lakini walipopotea kwenye migomba, weee! Nilipasuka.

"Mama, umetunyima chakula! Kwa nini usiseme ukweli?"

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Umejibu uongo!"

"Menya ndizi," akasema.

Nilizunguka nyumba. Nilimwambia ng'ombe maneno ambayo sitayaandika. Niliona wazi, au nilidhani naona, kwamba mama anamfichia jirani siri yake. Adabu! Adabu gani hiyo inayolaza mtoto na ndizi tupu? Usiku binti yangu alilala vizuri, maana yeye maziwa alikuwa amekunywa, na mimi niliyekuwa nagombana kwa ajili yake ndiye nilikesha.

Wiki zikaenda. Nilishindwa kukaa pale, nikawa nateremka mjini kwa miguu kwenda kuangalia geti la hoteli. Geti lilikuwa na kufuli. Mlinzi, mzee wa watu, aliponiona mara ya tatu akasema, "Mwanangu, hata paka wa jikoni ameondoka. Wewe unafuata nini?" Nikapanda tena. Kuteremka na kupanda, njaa inazidi, lakini kukaa nilikuwa siwezi.

Siku moja nikiwa napanda nikaona watu wamejazana ofisi ya kijiji. Orodha imebandikwa. Nilisukuma, umbali wa mita moja niliusahau. Jina la mama halikuwemo, hilo nililitegemea. Nikaanza kusoma ya wengine, umbeya tu. Nikafika katikati. Jina la jirani yetu. Yule yule mwenye ng'ombe.

Nilisoma mara mbili. Bila shaka walifika kwake, wakauliza kama ana ng'ombe, naye akawaonyesha banda lake. Banda tupu, limefagiliwa. Hakusema uongo hata neno moja! Mwenye ng'ombe anakula mahindi ya serikali kwa kuwa hana ng'ombe, na asiye na ng'ombe ananyimwa kwa kuwa anaye. Nilicheka peke yangu pale ubaoni, watu wakanigeukia.

Nilimkuta mama anakata mgomba kumlisha ng'ombe. Nikamwambia. Hakushtuka.

"Ana watoto wanne," akasema. "Na mlima umefungwa."

"Na mimi nina nini, vifaranga?"

Akaendelea kukata. Akasema, "Ndama akizaliwa utaona tofauti. Subiri." Hilo lilikuwa neno lake, subiri. Mimi ukiniambia subiri ni kama umenimwagia upupu.

Mkutano wa kijiji uliitishwa uwanja wa shule ili majina yasomwe na mwenye pingamizi aseme mbele ya watu. Tulinawa kwenye ndoo, tukakaa mbalimbali kwenye nyasi. Jirani alikuwa amekaa mbele na mke wake. Mwenyekiti akasoma. Alipofika jina lile akatulia kama alivyotulia kwa mengine, akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Mama alikuwa amesogea karibu yangu. Nilisikia ameshika pindo la kanga yangu, ameling'ang'ania. Alijua. Mama anajua miguu yangu kabla sijasimama.

Nikasimama. Kanga ikavutika, ikamtoka mkononi.

Nilisema yote. Kwamba ng'ombe aliye kwa mama yangu ni wa huyu kaka. Kwamba mama yangu hana ng'ombe, hajawahi kuwa na ng'ombe, ni masikini wa kufuga mali ya watu. Maneno hayo hayo nilisema, masikini wa kufuga mali ya watu, kwa sauti kubwa, ili hata wa nyuma wasikie. Nilipokuwa nasema nilijisikia vizuri sana. Lazima niseme hivyo. Baada ya miezi ya kuzungukazunguka, miguu yangu ilikuwa imesimama mahali pamoja.

Mwenyekiti akamuuliza jirani kama ni kweli. Jirani akavua kofia.

"Ni kweli."

Akamuuliza mama. Mama aliinuka polepole, goti moja kwanza. Hakuniangalia, hakumwangalia jirani.

"Mtoto amesema," akajibu, akakaa.

Mtendaji wa kijiji akakata jina la jirani, akaandika la mama. Ilichukua muda mfupi sana. Nilitegemea watu wapige makofi, au angalau wagunegune kwa kuniunga mkono, maana wangapi pale walikuwa wanaijua kweli hiyo! Wote. Hakuna aliyenitazama. Bibi mmoja nyuma yangu akafyonza, akasema taratibu, "Mdomo huponza kichwa." Nikafikiri, bibi, kichwa changu kiko salama. Sikufikiria kichwa cha nani kingine.

Asubuhi yake jirani alikuja na kamba.

Alibisha hodi kwa heshima, akampa mama shikamoo. Mama akamkaribisha chai, akanywa akiwa amesimama. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimepanga majibu usiku kucha, na yeye hakunipa nafasi. Alimwambia mama tu, "Jina langu limekatwa, mama. Watoto nao wanataka kunywa kitu. Na siri ikishatoka, kumfunga huku kuna maana gani?"

"Ni haki yako," mama akasema.

Kisha mama akaingia naye bandani. Nilimsikia akimweleza: asimpe majani yenye umande, tumbo linajaa. Mguu wa nyuma wa kushoto unauma akisimama kwenye maji. Ukimkamua anza na chuchu za nyuma. Akamfungia mzigo wa majani aliyokata jana yake, akamtwisha. Ng'ombe hakutaka kutoka. Alipiga kwato mlangoni, ikabidi mama amtangulie, akimwita, mpaka njiani. Huko nikamsikia jirani akisema kwa Kichagga, "Aika mae," ahsante mama, na sauti yake haikuwa nzuri.

Mama aliporudi nikauliza, "Na ndama?"

"Ndama ni wa banda atakamozaliwa."

"Lakini mlipatana!"

"Tulipatana kwamba nitamfuga," akasema. "Nimemfuga?"

Nilijitetea. Nilisema hata kama, mtoto anakula leo, ndama ni kesho, na serikali imeleta chakula kwa watu kama sisi. Nilisema mengi. Binti yangu akaja na kikombe chake, akasimama pale pale anaposimama kila asubuhi, akaangalia banda, akauliza ng'ombe ameenda wapi kutembea. Nikaacha kujitetea.

Mahindi yalikuja baada ya siku tisa. Mama alikataa kwenda kuyachukua, alisema mgongo. Nilipanga foleni shuleni peke yangu, nikaweka dole gumba kwenye wino, nikapewa kiroba cha mahindi na mfuko wa maharage. Nilivibeba kwa zamu kupanda mlima, natangulia na kimoja, narudi kuchukua kingine, jasho hadi kwenye macho. Nilikuwa na furaha ya kulazimisha. Leo kiburu, nilijiambia, ndizi na maharage, na kesho ugali!

Mama alikuwa ameshatandika mkeka. Akafungua kiroba, akamimina mahindi yote, akayagawa kwa mkono mafungu mawili. Akafanya hivyo na maharage. Fungu moja la mahindi akalirudisha kirobani, na moja la maharage akalitia kwenye kibakuli.

"Peleka kwa jirani."

"Mama! Hii ni haki yetu!"

"Haki umeshaipata. Sasa peleka chakula."

Nilikaa chini. Mimi, nisiyejua kukaa, nilikaa kwenye udongo. Nililia kwa hasira, kisha kwa aibu, kisha sijui kwa nini. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu siku ya fomu. Kwa nini alimfichia mwanamume yule, kiasi cha kutulaza na njaa? Alikuwa na deni gani kwake?

Mama akaniangalia kama anayesikia jambo jipya.

"Yeye? Sikumfikiria yeye."

"Sasa ulisema wako kwa sababu gani?"

Akachambua maharage kidogo, akatoa jiwe, akalitupa.

"Tangu nizaliwe hakuna mtu mwenye kalamu aliyewahi kuniuliza nina nini. Aliponiuliza, nilitaka kujisikia nikisema. Ilikuwa imebaki miezi minne tu iwe kweli." Akaongeza, kama anayeomba radhi, "Nilijua tutakosa mahindi. Nikaona tutavumilia. Na yule binti aliandika, uliona? Aliandika jina langu lote."

Nami nikasimama nikalifuta neno lake lile, "ni wangu", mbele ya kijiji kizima.

Nilipeleka kiroba na kibakuli. Mke wa jirani alipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa kwetu chombo hakirudi kitupu, alirudisha kile kibakuli cha maharage kikiwa na maziwa. Kidogo sana, yamefunika chini tu. Akasema ng'ombe anabana maziwa, anapiga teke kila anayemgusa. Hakuniambia nimwombe mama. Nilimwambia mama mwenyewe, bila kutumwa, na kesho yake alfajiri nilimwona anafunga kilemba. Akawa anateremka kila siku kwenda kukamua. Anamimina kwenye ndoo yao, anapewa kikombe cha mjukuu, anapanda nacho akikifunika kwa kiganja. Mwezi ule wa mwisho wa mimba, ng'ombe alipokaushwa maziwa, bado aliteremka, kumwangalia tu.

Mahindi ya serikali hayakurudi tena. Yalikuja mara moja hiyo. Nusu yetu tuliila ikaisha, nikarudi kuteremka mjini na kupanda, na geti bado na kufuli.

Siku ya kuzaa waliitwa watu wanaojua, lakini ng'ombe hakutaka mtu. Ikawa mchana wa jua kali, jirani mwenyewe anakuja mbio, hana kofia, anaita "Mama, mama, miguu imetangulia ya nyuma!" Mama akaacha kila kitu, akaenda. Mimi sikwenda. Nilishika fagio nikafagia uwanja, nikafagia banda tupu, nikafagia hadi njiani, nikarudi kuanza upya.

Alirudi jua limeanza kulala. Kanga yake ilikuwa imelowa na damu, mikono hadi kwenye viwiko, na alikuwa amechoka kiasi kwamba alisimama mlangoni bila kuingia. Nilitaka aniseme. Wallahi, nilitamani anipige hata kofi, yaishe.

"Ni jike," akasema. "Mzima. Ana alama nyeupe hapa."

Akagusa paji lake la uso kwa mkono ule mchafu kunionyesha mahali penyewe, na akauacha mkono pale. Nikaenda kumchotea maji ya kunawa.